Kijana wa nchi ya chai na kompyuta: somo limepatikana, kazi ya kwanza haijapatikana

Bonasi ya majani chai huwafikia wakulima wadogo wa Kericho na Bomet mwezi wa Oktoba hivi, wakati watahiniwa wa kidato cha nne wanakaribia kufanya mtihani wa KCSE. Katika majuma hayo familia nyingi huketi kuamua pesa ziende wapi: karo ya mdogo, mbolea, au laptopu ya huyu anayetoka shule akisema anataka kuandika programu za kompyuta.

Wanaotakiwa kuamua wanavutwa huku na huku. Mwanasiasa anawaambia kwamba ajira za kidijitali zimejaa tele. Habari zinasema kampuni za teknolojia zinapunguza watu, na kwamba ChatGPT sasa inaandika programu yenyewe. Mwalimu anashauri shahada kwanza, naye binamu aliyeko Nairobi anaapa kwamba kozi ya miezi minne inatosha. Hakuna anayedanganya, ila kila mmoja ameshika kipande kimoja cha ukweli.

Makala haya yanaviweka vipande hivyo pamoja, yanapima nguvu na udhaifu wa kila msimamo, na kutetea jibu moja. Masomo ya kuanzia uandishi wa programu yanapatikana leo kwa urahisi kuliko wakati wowote uliopita. Kinachokosekana ni kazi ya kwanza yenye msimamizi, na katika eneo hili kazi hiyo inaweza kutoka kwa taasisi ambazo tayari zipo.

Usuli wa kiuchumi: chai haiajiri kama zamani

Mashamba makubwa ya Kericho yalianza kushika miaka ya 1920, Brooke Bond ikiwa miongoni mwa kampuni zilizotangulia. Wakulima wadogo walipata chombo chao mwaka 1964 lilipoundwa shirika la KTDA, na leo viwanda kama Litein, Kapkatet, Momul, Tegat, Kapkoros na Mogogosiek hupokea majani kutoka kwa maelfu ya familia. Kwa miaka mingi kijana aliyemaliza shule bila mpango alikuwa na pa kuanzia: alichuma majani chai huku akisubiri jambo jingine litokee.

Pa kuanzia hapo pamebanwa. Kampuni kubwa zimeleta mashine za kuchuma, zikieleza kwamba gharama ya vibarua imepanda kuliko zinachopata kwa chai. Mwaka 2023 kamati iliyoundwa na serikali ya kaunti ya Kericho ilikadiria kwamba ajira 30,000 hivi zilikuwa zimepotea katika mwongo mmoja kwa sababu ya mashine. Mei mwaka huo waandamanaji walizichoma baadhi ya mashine hizo Kericho. Umiliki nao umekuwa ukibadilika: mwaka huo huo James Finlay Kenya iliingia mikononi mwa Browns Investments ya Sri Lanka.

Hiyo ndiyo sababu ahadi ya kazi ya kompyuta inapokewa kwa hamu hapa. Ndiyo sababu pia inafaa kupimwa kwa makini, kwani familia iliyopungukiwa na chanzo kimoja cha riziki haina akiba ya kupoteza kwenye jaribio lisilozaa.

Usuli wa kielimu: somo lipo, muda wa kugusa kompyuta haupo

Serikali imechukua hatua kadhaa. Mwaka 2016 mpango wa kidijitali ulianza kupeleka tabuleti kwa wanafunzi wa shule za msingi za umma. Mwaka 2022 taasisi ya mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa kuandika programu wa Kodris Africa kwa shule za msingi na sekondari. Katika mfumo mpya wa umilisi (CBC), Sekondari Msingi ilianza 2023 ikiwa na masomo mengi mno. Yalipopunguzwa kutoka 14 hadi 9, sayansi ya kompyuta ilikunjwa ndani ya somo la mafunzo ya awali ya kiufundi. Januari 2026 kundi la kwanza liliingia gredi ya 10, ambako wanaochagua mkondo wa sayansi na teknolojia wanaweza kusoma kompyuta kama somo kamili, iwapo shule yao inalifundisha.

Katika mfumo wa zamani wa 8-4-4, somo la kompyuta la KCSE lina karatasi tatu: nadharia, vitendo na mradi. Mradi huo ni wazo zuri sana, maana mwanafunzi anatakiwa kutengeneza mfumo unaofanya kazi, mathalani wa kuhifadhi rekodi za maktaba au za zahanati. Hata hivyo somo hili ni la hiari, na hufundishwa penye maabara na mwalimu tu.

Tatizo kubwa ni muda. Tuseme darasa lina wanafunzi 45 na kompyuta 15 zinazofanya kazi. Katika kipindi cha dakika 40, kila mwanafunzi atashika kibodi kwa dakika 13. Stima ikipotea, kama inavyotokea mara nyingi mvua ya alasiri inaponyesha kwenye vilima hivi, hata hizo zinaondoka. Shule za bweni haziruhusu simu, kwa hiyo mwenye bidii husubiri likizo ya Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Kuandika programu ni kazi ya kujaribu, kukosea na kurekebisha, na asiyepata muda wa kukosea hawezi kuijua.

Dirisha pana zaidi hufunguka baada ya KCSE. Kati ya mtihani wa mwisho mwezi wa Novemba na kuripoti chuoni mwaka unaofuata kuna miezi minane au tisa. Wengi huitumia kwa kozi ya kompyuta ya kawaida mjini, yaani kuchapa barua, majedwali na kutafuta habari mtandaoni. Kozi hiyo inamfaa anayetaka kazi ya ofisi au ya saiba, lakini haimfundishi kuandika programu, na wazazi wengi hulipa wakidhani ni kitu kimoja.

Msimamo wa kwanza: shule ifundishe kila mtoto

Wanaoshikilia msimamo huu wanaanzia kwenye haki. Bila shule, ujuzi huu utabaki kwa watoto wa mijini wenye kompyuta nyumbani. Wana hoja ya pili pia: lugha za vitalu kama Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007, humwezesha mtoto kuelewa mpangilio wa maagizo kabla hajasumbuliwa na alama na nukta.

Nguvu ya msimamo huu ni upana wake. Mwaka 2017 wasichana watano wa Kisumu Girls, shule ya umma iliyo mwendo wa saa chache kutoka Kericho, walitengeneza programu ya simu iitwayo i-Cut ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji, wakaiwasilisha kwenye shindano la Technovation huko California. Walikuwa wanafunzi wa kawaida wa sekondari. Walichopata zaidi ya wenzao ni mshauri wa kiufundi, tarehe ya mwisho, na tatizo walilolifahamu vizuri.

Udhaifu wake ni kwamba shule hupima kwa mtihani. Mwalimu mwenye silabasi ndefu na kompyuta chache atafundisha fafanuzi za kukariri, na mwanafunzi atapata alama ya juu bila kuwahi kuandika programu inayotumiwa na mtu mwingine. Shule inaweza kuwasha hamu, ila kwa vifaa ilivyo navyo sasa haiwezi peke yake kumfikisha kijana kwenye malipo.

Msimamo wa pili: kozi fupi inatosha

Msimamo huu una ushahidi wa kuonekana. Moringa School ilianza Nairobi mwaka 2014 na kufundisha watu wazima kwa miezi badala ya miaka. Power Learn Project, iliyoanza 2022, imekuwa ikitoa mafunzo ya wiki 16. ALX ina kozi za mtandaoni. Mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanza 2016 na kuendeshwa pamoja na muungano wa sekta binafsi, KEPSA, na Mastercard Foundation, una vituo katika maeneo bunge. Tena kuna mafunzo ya bure kabisa, kama freeCodeCamp na CS50 ya Harvard, yanayomtaka mtu awe na kifaa, bando na subira.

Faida yake ni gharama ndogo na kasi: ndani ya miezi michache kijana anaweza kujua kama kazi hii inamfaa au la, kabla ya kuuza ng'ombe. Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, programu nyingi kati ya hizi ni za walio na miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo wa miaka 15 au 16 anabaki nje. Pili, wahitimu hutoka na kazi za mfano zinazofanana: kikokotoo, orodha ya shughuli za siku, ukurasa wa hali ya hewa. Mwajiri aliyeona mia moja za aina hiyo haoni tofauti kati ya aliyeelewa na aliyenakili.

Msimamo wa tatu: shahada kwanza

Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka 2013, na chuo cha Bomet kikaanza 2017 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Pamoja na vyuo vya kiufundi vilivyo karibu, kijana wa eneo hili hana haja ya kuhamia mbali ili kusoma kompyuta. Wanaotetea njia hii wanasema msingi wa hisabati, hifadhidata na mitandao hauchakai upesi kama lugha inayovuma mwaka huu, na kwamba ofisi za serikali huuliza cheti kabla ya kuuliza ujuzi. Mkopo wa HELB nao hupunguza mzigo kwa mzazi.

Udhaifu wake ni muda na umbali kutoka kazini. Miaka minne ni mirefu kwa familia inayosubiri msaada. Mafunzo ya kazini ambayo mwanafunzi hutakiwa kuyafanya yanaweza kumtumbukiza katika ofisi isiyo na mwandishi wa programu hata mmoja, akaishia kubadilisha wino wa printa. Anarudi chuoni na barua iliyopigwa mhuri, lakini hakuna aliyewahi kusoma programu yake mstari kwa mstari na kumwonyesha alipokosea.

Msimamo wa nne: akili unde imeifunga njia hii

Hofu hii si ya kupuuzwa. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, kazi ndogo ambazo mwanafunzi alikuwa akipewa, kama ukurasa rahisi wa tovuti, fomu ya usajili au kurekebisha hitilafu ndogo, zinaweza kufanywa na mashine kwa dakika chache. Mwenye uzoefu anazimaliza bila msaidizi.

Lakini hoja hii inachanganya kuandika na kuwajibika. Mashine inaweza kutoa mistari 200 inayoonekana sawa. Haitakuja Litein kumsikiliza mhasibu wa shule akieleza kwa nini hesabu zake hazilingani, wala haitapigiwa simu mfumo ukikwama siku ya kufungua muhula. Asiyejua kusoma programu hataweza kutambua mashine ilipokosea. Kwa hiyo akili unde haiondoi haja ya kujifunza. Inapandisha kiwango cha chini cha anayeweza kulipwa, nayo inampa mwanafunzi mwalimu wa kumuuliza usiku wa manane, mradi tu asimwachie kazi ya kufikiri.

Kwa nini mlango wa kwanza ni mwembamba

Ukizipanga hoja hizi nne, zote zinagonga ukuta mmoja. Shule, kozi na chuo humfundisha kijana. Hakuna kati ya hizo inayomhakikishia mtu wa kumpa kazi ndogo ya kweli na kuikagua.

Historia ya Andela inaonyesha sababu. Kampuni hiyo ilianza mwaka 2014, ikafungua Nairobi 2015, ikijenga biashara yake juu ya kuwafundisha Waafrika wachanga katika kazi na kuwaunganisha na kampuni za nje. Septemba 2019 iliwaachisha kazi waandishi wa programu wachanga wapatao 400 katika Nigeria, Kenya na Uganda, ikieleza kwamba wateja wake walitaka wenye uzoefu. Vijana wale walikuwa wamechujwa na kufundishwa vizuri. Kilichokuwa ghali ni muda wa mwenye uzoefu anayekaa nao, na mteja aliye mbali hakutaka kuulipia. Ndipo duara linapojifunga: kila mtu anadai uzoefu, na hakuna anayekubali kuutoa.

Kazi nyepesi za mtandaoni nazo si ngazi ya kutegemea. Mwaka 2023 jarida la Time lilifichua kwamba wafanyakazi wa Kenya waliosafisha data za OpenAI kupitia kampuni ya Sama walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Machi 2024 jukwaa la Remotasks lilijiondoa Kenya, na waliolitegemea wakakosa kipato chao ghafla. Kazi kama hizo huleta pesa ya haraka, ila hazimwachii kijana ujuzi wa kuupeleka kwingine.

Kuna pia kizuizi cha umri. Jukwaa la kazi za mtandaoni la Upwork hutaka mtu awe na miaka 18. Kitambulisho, kinachohitajika kwa usajili wa kampuni na mikataba, hutolewa kwa umri huo. Sheria ya Ajira ya 2007 humruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi tu isiyomharibia masomo. Sheria hiyo ni ya haki, na hakuna sababu ya kutafuta njia ya kuikwepa. Maana yake ni kwamba kabla ya miaka 18 lengo liwe kukusanya kazi za kuonyesha, na malipo yatafuata.

Dunia iliwahi kupata mfano mzuri wa hili. Kati ya 2010 na 2019 Google iliendesha shindano la Code-in kwa wenye miaka 13 hadi 17. Washiriki walipewa kazi ndogo halisi katika miradi ya programu huria, na kila kazi ilikaguliwa na mshauri. Mmoja wa washindi wakuu waliotangazwa 2017 alikuwa kijana wa Bamenda, Cameroon, ambaye mji wake ulikatiwa intaneti na serikali. Shindano lilikwisha, lakini utaratibu wake unaweza kufuatwa popote: kazi ndogo, ya kweli, yenye mkaguzi.

Kazi iliyo karibu: mfano wa karo

Kericho na Bomet zina wateja ambao soko la mbali halina haja nao: Sacco, shule, maduka ya pembejeo, makanisa, vituo vya kununulia majani, wenye matrekta ya kukodisha. Wengi bado wanaandika daftarini na kulipwa kwa M-Pesa. Tangu 2017 Safaricom imefungua mfumo wa Daraja, unaomwezesha mwandishi wa programu kuunganisha mfumo wake na malipo hayo, na una uwanja wa majaribio usiolipiwa.

Chukua shule inayopokea karo kwa paybill. Mhasibu anataka kila malipo yaingie moja kwa moja kwenye jina la mwanafunzi. Anayeanza ataandika maagizo mepesi: ujumbe ukifika, soma namba ya mwanafunzi, ongeza kiasi kwenye akaunti yake. Yote yataenda sawa wakati wa majaribio. Kisha siku moja mtandao unayumba, ujumbe mmoja unafika mara mbili, na mzazi aliyelipa shilingi 5,000 anaonekana amelipa 10,000. Siku nyingine mzazi anakosea tarakimu moja, na karo inaingia kwa mtoto wa jirani.

Tiba ya kosa la kwanza imo ndani ya ujumbe wenyewe. Kila muamala wa M-Pesa una msimbo wake usiorudiwa, ule ambao kila Mkenya huutafuta anapoonyesha kwamba amelipa. Programu ihifadhi msimbo huo, na kabla ya kuongeza pesa iulize kama umeshawahi kuonekana. Kosa la pili halina tiba ya mstari mmoja: linahitaji orodha ya malipo yenye shaka ambayo mhasibu huipitia mwenyewe. Aliyeshughulikia mambo haya mawili amejifunza kuhusu uaminifu wa data, mitandao na watu kuliko atakayejenga vikokotoo 20. Ana pia kitu cha kumwonyesha mwajiri wa Nairobi, au wa nje.

Mizani: kila faida na bei yake

Kazi ya karibu ina hatari zake, na haifai kuzificha. Ya kwanza ni kunyonywa. Mteja anaweza kulipa shilingi elfu chache mara moja kisha akadai matengenezo bila kikomo, kwa kuwa "ni kijana wetu". Mkataba wa ukurasa mmoja, unaotaja kazi, bei na muda wa kurekebisha, humlinda kila upande. Ya pili ni data. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawabana wote, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mwanafunzi asiachiwe rekodi za watoto wenzake bila mtu mzima mwenye dhamana. Ya tatu ni kuridhika mapema: anayeuza tovuti za bei rahisi akiwa na miaka 17 anaweza kuacha hisabati itakayomfaa akiwa na 25.

Upande wa pili, kungoja kila kitu kikamilike kuna gharama pia. Miezi tisa ya baada ya KCSE ikipita bure, kijana huingia chuoni akianzia sufuri. Msichana huathirika zaidi, kwa kuwa akiwa nyumbani kazi za jikoni na za watoto humwangukia yeye kwanza. Kwake kituo chenye ratiba na saa maalumu kina thamani kuliko laptopu asiyopewa nafasi ya kuitumia.

Nani afanye nini

Wanaoweza kuupanua mlango si wazazi peke yao. Viwanda vya chai na Sacco tayari vina mifumo ya kielektroniki na watu wa kuisimamia. Vikichukua vijana wachache kila mwaka baada ya KCSE, na kuwapa kazi ndogo za ripoti na majaribio chini ya msimamizi, vitakuwa vimeziba pengo lililoishinda Andela, kwa sababu faida ya kumlea kijana inabaki nyumbani. Vyuo vinaweza kuwafungulia maabara vijana hao wakati wa likizo, na kuwapa wanafunzi wao wa mwaka wa tatu na wa nne jukumu la kukagua kazi zao.

Kaunti nazo zina chombo. Utaratibu wa AGPO hutenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Zabuni ndogo za programu, zilizogawanywa kwa hatua na kulipwa kwa wakati, zinaweza kuwafikia vijana waliotimiza 18. Zabuni kubwa inayolipwa baada ya mwaka mzima huishia kwa mwenye mtaji, hata ikiitwa ya vijana.

Kwa mzazi, mpangilio wenye busara ni huu: shuleni, kijana achukue somo la kompyuta na hisabati kwa uzito ule ule; likizoni, ajifunze lugha moja tu, kama Python, hadi amalize mradi mmoja; baada ya KCSE, ajaribu kozi ya bure kabla ya ile ya kulipia, na atafute mteja mmoja wa kweli pamoja na mtu mzima wa kumkagua. Laptopu iliyotumika inatosha. Shahada ifuate kama matokeo yanaruhusu, kwa maana haishindani na kazi hiyo.

Muhtasari

Shule hutoa mwanzo, lakini haina muda wa kutosha. Kozi fupi hutoa kasi, lakini wahitimu wake hufanana. Shahada hutoa kina, lakini hukaa mbali na mteja. Akili unde imepunguza kazi nyepesi bila kuondoa haja ya mtu anayeelewa na kuwajibika. Njia hizi zote hufaa zaidi zikiunganishwa kuliko zikishindanishwa, na kinachoziunganisha ni kazi ya kwanza iliyokaguliwa na mwenye uzoefu.

Mashine za kuchuma chai ziliingia Kericho na Bomet bila mtu kuwaandalia vijana pengine pa kuanzia. Kuwaambia sasa wajifunze kompyuta, kisha kuwaacha watafute wateja ng'ambo peke yao, ni kurudia kosa hilo. Ikiwa kiwanda, Sacco, chuo na kaunti kila kimoja kitakubali kulea wachache, eneo hili litakuwa na waandishi wa programu wanaojua kazi, wanaojua watu wao, na wenye sababu ya kubaki.